Siku Bunduki Ilipolia Vingine

Ilikuwa Oktoba 2014, Liwale, mkoani Lindi, jua la saa tatu asubuhi limeshaanza kuuma shingo. Tulikuwa kumi na mmoja, askari wanyamapori wa vijiji, na bunduki tatu za kuazima kutoka wilayani. Karatasi za shabaha zilibandikwa mita hamsini mbele yetu, na nyuma yake kulikuwa na kingo ya udongo mwekundu iliyotupita kimo. Kijana wa tatu akasogea kwenye mstari wa chokaa, akaweka kitako cha bunduki begani, akavuta pumzi, akavuta triga.

Pu.

Haukuwa mlio. Ilikuwa sauti kama ya mtu aliyepiga kofi mto wa sufi. Waliomtangulia walikuwa wametutikisa vifua sote tuliosimama pale. Bunduki ya .458, yaani ya risasi yenye upana huo kwa inchi, ni ya tembo na nyati. Ikilia unaisikia mpaka kwenye meno, na bega hukaa na maumivu siku mbili. Yeye bega lake halikusogea hata kidogo, na karatasi mbele yake haikutoboka. Nyuma ya mstari mtu mmoja akacheka. Kicheko kile nusura kituulie mtu, kwa sababu kijana aliona aibu, na mtu mwenye aibu ana haraka. Vidole vyake vilikuwa vimeshashika bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, atoe ganda, asukume risasi nyingine, apige tena, watu wanyamaze.

"Acha! Mtutu mbele! Usiguse kitu!"

Afande aliyekuwa akitufundisha alikuwa mpole, mtu wa kuongea taratibu na kurudia neno mara tatu bila kuchoka. Sijamsikia akipiga kelele vile kabla ya siku ile wala baada yake. Alimwendea kijana kwa nyuma, akamwekea kiganja juu ya mkono ulioshika bolti, akamwambia kwa sauti yake ya kawaida, "Tunahesabu, mwanangu. Wewe na mimi. Moja. Mbili. Tatu." Walihesabu mpaka sitini, bunduki imeelekea kwenye kingo muda wote, na sisi wengine tumenyamaza kama tuko msibani.

Sababu ya kuhesabu nilikuja kuielewa baada ya kuelezwa. Ukivuta triga, pini hugonga fataki iliyo kwenye kitako cha risasi, fataki hutoa cheche, cheche huwasha baruti, na baruti husukuma kichwa cha risasi kipite mtutuni. Safari yote hiyo ni ya kufumba na kufumbua. Lakini fataki mbovu au baruti iliyoharibika inaweza kuchelewa. Unasikia "tik", unadhani risasi imegoma, kumbe ndani moto unatambaa. Ukifungua bolti wakati huo, ganda linaweza kulipukia nje ya chemba, yaani kijumba cha risasi mwanzoni mwa mtutu, usoni pako, bila chuma cha kulizuia. Wengi hufundishwa kusubiri sekunde thelathini. Afande wetu alitaka sitini, akasema sekunde thelathini za ziada hazijawahi kumchelewesha mtu kufika kwake jioni.

Yetu siku ile haikuwa ya kuchelewa. Alipofungua bolti, ganda lilitoka halina kichwa, na pamoja nalo zikamwagika punje za baruti, za kijivu, nyingine zimegeuka manjano, ndogo kama ulezi. Baruti mbichi ambayo moto haukuila. Akatoa bolti nzima, akaelekeza mtutu juu ya kingo, akachungulia kutokea nyuma. Kisha akatuita mmoja mmoja tuchungulie na sisi. Mtutu mzima ukiuchungulia una duara la mwanga upande wa pili, na mistari ya ndani inazunguka kama kamba iliyosokotwa. Huu ulikuwa giza. Akaingiza ufito wa kusafishia kutokea mdomoni, ukaenda, ukagota. Akaweka kidole pale ulipoishia, akautoa, akaulaza juu ya mtutu tuone kwa nje. Kichwa cha risasi kilikuwa kimelala shubiri moja mbele ya chemba.

Shubiri ile nimeifikiria miaka mingi. Kingekwama palepale mwanzoni, risasi ya pili isingeingia, bolti ingegoma kufunga, na chuma chenyewe kingetuonya. Lakini kwa shubiri moja kulikuwa na nafasi tele. Risasi ya pili ingeteleza ndani vizuri, bolti ingefungwa kwa ulaini wote, na nguvu inayosukuma kichwa cha gramu 32 ingekutana na kizibo. Hapo mtutu huvimba, au hupasuka. Na kilicho jirani na mpasuko ni mkono wa kushoto wa mpigaji, na macho yake. Kijana yule alikuwa na mtoto wa miezi minne.

Hatukukichokoa kile kichwa. Naliandika hili kwa sababu nimewahi kumwona mtu akitaka kukitoa kilichokwama kwa kupiga risasi nyingine "ikisukume". Bunduki ile ilifungwa, ikaandikiwa karatasi, ikapelekwa kwa fundi silaha, naye ndiye aliyekitoa kwa vifaa vyake.

Kilichonitia uchungu ni kwamba boksi lilikuwa jipya. Tulilifungua wenyewe asubuhi ile, karatasi yake ya kiwandani haijachanika, risasi ishirini zinang'aa kama vijiko vya harusi. Nilikuwa miongoni mwa wanaoamini kuwa risasi mbovu ni ile ya zamani, ya kutu, ya kuokota. Kumbe kiwanda kinatengeneza risasi nyingi mno kwa mashine, na mashine nayo huteleza: hapa baruti imepungua, pale haikumwagwa kabisa, fataki nyingine imeingia imepinduka. Ni chache sana, lakini ile moja haina alama kwa nje.

Hizi .458 zenyewe zina historia yake. Zilitoka Marekani 1956, zikaenea haraka kwa maaskari wanyamapori wa Afrika kwa sababu bunduki zake zilikuwa za bei nafuu kuliko zile za mitutu miwili za Uingereza. Ganda lake ni fupi kwa kazi linayofanya, kwa hiyo baruti ilibidi ishindiliwe. Baruti iliyoshindiliwa, ikikaa muda mrefu, iligandamana kama sukari iliyopata unyevu, na moto wa fataki haukupenya sawasawa. Watu walipiga nyati wakapata mlio hafifu na nyati aliyekasirika. Mmarekani Jack Lott aliumizwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, ng'ambo ya mto wetu huu wa Ruvuma, akarudi kutafuta ganda refu lenye nafasi zaidi, na ganda hilo likaitwa kwa jina lake. Viwanda vilibadilisha baruti zao baadaye. Afande alitusimulia haya chini ya mwembe mchana ule, bunduki zimewekwa, kwa sababu alitaka tujue kuwa si sisi wa kwanza.

Tulibakiwa na risasi kumi na tatu za boksi lile, saba zikiwa zimepigwa. Nilidhani zitatupwa au zitarudishwa ghalani kimya kimya. Afande akaomba mizani ya sonara, ile ndogo ya kupimia dhahabu, ikaletwa ofisini, akazipima moja moja mbele yetu. Kumi na mbili zilipishana kwa sehemu ndogo tu za gramu. Ya kumi na tatu ilipungua gramu mbili na nusu. Baruti ya risasi hii ni kama gramu nne na nusu, kwa hiyo zaidi ya nusu haikuwemo. Akatupa tuisikilize: ukiitikisa sikioni ilichakacha kama kayamba, wakati zilizoshiba zilikuwa kimya kabisa.

Alituonya papo hapo tusifanye kayamba kuwa kipimo cha kila risasi. Zipo nyingi zenye nafasi ndani kwa maumbile yake, nazo huchakacha hali ni nzima. Na mizani husaidia kwa risasi kubwa tu. Kwenye ndogo za bastola, baruti ni sehemu ya gramu, na tofauti ya uzito wa maganda yenyewe inaificha.

Tangu siku ile sijawahi kuanza shabaha bila kukagua. Tunatandika kitambaa cheupe juu ya meza, boksi linamwagwa, na kila risasi inapita mikononi mwa watu wawili. Kwanza tunazisimamisha zote kwa vitako vyake, tunalaza rula juu ya vichwa. Ile inayobaki chini ya rula, kichwa chake kimezama ndani ya ganda, na kichwa kilichozama hubana nafasi ya baruti na kupandisha nguvu kupita kiasi. Kisha kitako: unapitisha ukucha wa dole gumba juu ya fataki. Inatakiwa iwe sawa na kitako au izame kidogo sana. Ukucha ukikwama, fataki imechomoza. Nimeiona pia fataki iliyopandikizwa kichwa chini, mara moja tu katika miaka yote hii. Badala ya uso laini unaona matumbo yake. Ile haitalia hata ukiigonga mara kumi. Halafu shingo ya ganda, pale linapokumbatia kichwa: izungushe kwenye mwanga wa jua, taratibu. Ufa wake huwa mwembamba kama unywele, wala huuoni mpaka mwanga uangukie kwa ubavu. Iliyobonyea, iliyopinda, yenye kichwa kinachocheza ukikishika, zote zinatengwa kwenye kopo la peke yake. Hatusemi "hii ndogo haina neno".

Na risasi isiyotaka kuingia hailazimishwi. Bolti ikiwa nzito, irudishe, itoe risasi, itazame. Nimeona mtu akiigonga bolti kwa kiganja kama anafunga mlango wa lori.

Lakini haki itendeke kwa viwanda pia, maana makosa mengi niliyoyakuta tumeyafanya wenyewe. Mjomba wangu, na kwetu Kusini neno la mjomba ni zito, alikuwa na shotigani ya namba 12 kwa kibali halali cha polisi, kwa ajili ya nguruwe pori kwenye mihogo na mahindi. Nguruwe si jambo dogo. Ndiyo wanaofanya watu walale kwenye madungu shambani, na simba huwafuata nguruwe hao hao. Watafiti walihesabu zaidi ya watu 563 waliouawa na simba Tanzania kati ya 1990 na 2004, wengi wao huku kwetu Kusini. Basi siku moja mjomba akaniambia risasi zake zimekuwa za kiwanda kibovu, kati ya tano mbili zinagoma.

Nikamwomba anionyeshe anapoziweka. Akafungua stoo. Boksi lilikuwa juu ya mfuko wa salfa, ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho dhidi ya ubwiriubwiri, na mfuko ulikuwa wazi. Kila kitu mle ndani kilikuwa na vumbi la manjano. Nikachukua risasi moja, nikafuta kitako chake kwa ncha ya shati. Shaba ilikuwa imegeuka nyeusi, na pembeni ya fataki kulikuwa na ukoko wa kijani. Salfa na shaba hazikai pamoja, hasa kwenye unyevu wa masika. Na bomba la plastiki mdomoni lilikuwa limefunguka mikunjo, marisau mawili, zile punje za risasi za ndani, yanachungulia nje.

"Mjomba, kiwanda hakina kosa," nikamwambia.

Alikaa kimya muda mrefu. Yeye ni mtu mzima, na mimi mpwa wake ndiye ninayemweleza. Mwisho akasema, "Zichukue basi, uzifikishe panapohusika." Tukazipeleka pamoja kituoni zikaandikwa na kupokewa. Hatukuzitupa chooni wala kuzichoma pamoja na majani ya mikorosho, kama alivyokuwa amekusudia mwanzoni. Risasi mbovu bado ni risasi.

Kosa jingine letu nimelifanya mimi mwenyewe kwa miaka. Doria inaanza alfajiri, unaweka risasi kwenye chemba. Jioni unaitoa. Kesho unaweka ileile. Kila bolti inapoisukuma, kichwa kinagongwa kidogo, na zile zinazosubiri zamu kwenye magazini, kisanduku cha risasi ndani ya bunduki, nazo hugonga pua ukutani kila bunduki kubwa inaporuka. Baada ya wiki kadhaa kichwa kimeanza kuzama, na ukiiweka chini ya rula unaona. Sasa tunazizungusha kwa zamu, na ile iliyoingia na kutoka mara nyingi inapigwa kwanza siku ya shabaha, ikiwa bado imepita ukaguzi.

Kuhusu shotigani nina neno la haraka kwa mwenye nyumba ambamo zimo za aina mbili. Namba hapa huenda kinyume: namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12, kwa kuwa namba huhesabu mipira mingapi ya madini ya risasi, ya ukubwa wa tundu la mtutu ule, itatimiza ratili moja. Risasi ya namba 20 ikidondoshwa ndani ya bunduki ya namba 12 inateleza, inapita chemba, inakwama mbele kidogo. Unatazama chemba unaiona tupu, unaweka namba 12 nyuma yake, unapiga. Ni kifo kilekile cha shubiri moja, safari hii na baruti mbili. Ndiyo maana za namba 20 hutengenezwa za manjano. Mfukoni mwako usichanganye rangi.

Na uwanja wenyewe. Mwanzoni tulipendekeza kupigia kwenye machimbo ya zamani ya mawe kwa sababu yapo karibu na barabara. Afande alikataa kata kata. Risasi ikigonga jiwe gumu hurudi, na hairudi ilikotoka, inakwenda inakojua yenyewe. Kingo ya udongo au mchanga huimeza. Kabla ya kupiga tulipanda juu ya kingo kutazama ng'ambo, kwani hata kijirisasi cha .22 kinachoonekana kama cha watoto kinasafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na huku kwetu kwenye kilomita moja na nusu hukosi mtu anayepalilia. Bendera nyekundu, mtu wa kulinda njia, bunduki tupu na bolti wazi kila mtu anapokwenda kutazama karatasi. Kidole nje ya triga mpaka jicho limekubali shabaha.

Masikio tuliyachezea muda mrefu. Pamba haitoshi. Mlio unaozidi desibeli 140 unaumiza sikio kwa mara moja, na bunduki zetu zote zinapita hapo. Wazee wetu wa kazi wanaongea kwa kupayuka, na wake zao wamezoea. Lakini mtu anapovaa vizibo, na anapaswa kuvaa, mlio hafifu unampita kirahisi zaidi. Kwa hiyo kila mpigaji ana mwenzake nyuma ya bega, kazi yake ni kutazama bega likiruka, kutazama karatasi au vumbi kwenye kingo. Bega lisiporuka, anasema acha. Yeyote aliyepo anaweza kusema acha, awe mpishi wa chai.

Boksi la 2014 afande hakulitupa. Pembeni yake kulikuwa na namba ya toleo, mchanganyiko wa herufi na tarakimu ambazo sikuwahi kuzitazama maishani. Alizinakili, akaandika barua kwa muuzaji, akaambatanisha uzito wa ile risasi nyepesi, akaagiza kila boksi lenye namba ile ghalani litengwe. Yalikuwepo mengine mawili. Muuzaji alibadilisha yote matatu baada ya miezi miwili bila kueleza chochote. Nilitaka maelezo, na bado nayataka, kwa sababu risasi za toleo moja husambaa, na sijui kama kwenye kijiji kingine kulikuwa na mtu wa kumshika mwenzake mkono.

Kijana yule siku hizi ndiye anayewafundisha wapya. Mwaka jana nilikwenda kuwatazama, nikakaa kivulini na watoto waliokuja kutoka shamba la jirani, tukawaweka nyuma kabisa ya kamba. Binti mmoja mgeni kazini alivuta triga, ikasikika "tik" peke yake. Hakuna aliyecheka. Alibaki kama alivyo, mtutu kwenye kingo, kidole kimetoka nje, na mwalimu wake akasogea nyuma ya bega lake akaanza kuhesabu kwa sauti. Walipofika ishirini watoto walikuwa wameshadaka, wanahesabu naye, wengine wakikosea arobaini wakaruka hamsini, wakarudishwa, wakaenda wote pamoja mpaka sitini.